KILA BOSI NA DAWA YAKE

Barazani kwetu Mombasa, baada ya Alasiri, kahawa chungu ikishapita duru ya pili, mazungumzo hayakawii kufika kwa watoto. Na yakifika kwa watoto, hapana budi yafike kwenye michezo ya televisheni na ya simu. Juzi mzee mmoja alisema kwamba lau amri ingekuwa yake, mashine hizo zote zingekusanywa zikatoswe Kilindini. Waliokuwapo wakaitikia. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukaonekana, maana kwa miaka mingi katika jambo hili ndimi niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Leo nataka kueleza sababu ya ule unyamavu.

Ndugu msomaji, nisifahamike vibaya. Sisemi kwamba kila mchezo una kheri, wala sisemi kwamba mtoto aachwe mbele ya televisheni kutwa kucha mpaka macho yawe mekundu. Ninalosema ni kwamba wengi wetu tunaihukumu michezo ambayo hatujapata kuikalia hata dakika kumi tukaitazama. Kadhi hatoi hukumu kwa kusikia upande mmoja. Mimi niliitoa, tena niliitekeleza kwa mkono wangu mwenyewe.

NYUMBANI KWA DADA

Dada yangu aliolewa Meru. Watu wengi wa pwani huijua Meru kwa miraa tu, hawajui zaidi ya furushi linalofika jioni limefungwa majani ya mgomba. Lakini aliyepata kuipanda ile njia ya Embu, akapita Runyenjes, akavuka mto Thuci, akaingia Chuka, akateremka na kupanda makona yasiyokwisha mpaka Nkubu, na Mlima Kenya uko mkono wake wa kushoto, huyo anajua kwamba kule ni nchi nyingine kabisa ya baridi na udongo mwekundu. Na ndani ya mji wa Meru upo mtaa unaoitwa Mjini, ambako adhana inasikika na Kiswahili kinasemwa barazani kama kwetu. Huko ndiko alikokaa dada yangu na mumewe.

Mwezi wa Agosti mwaka 2004, shule zimefungwa, nilikwenda kuwatazama. Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimkuta na mashine ndogo ya plastiki imeunganishwa na televisheni, moja ya zile zilizotengenezwa Asia kwa kuiga mashine ya Family Computer, ambayo kampuni ya Nintendo ya Japani iliitoa mwaka 1983. Ndani yake imepachikwa kaseti ya manjano. Katika kioo nikaona kijitu cha buluu kikiruka na kupiga risasi, kinaanguka shimoni, kinafufuka, kinaanguka tena. Basi. Hayo ndiyo yote niliyoyaona, kwa sababu sikutaka kuona zaidi.

Siku ya tatu, adhana ya Magharibi ikalia. Nikamwita mara ya kwanza, akasema, "Naam, mjomba, nipe kidogo." Nikamwita mara ya pili, akasema vile vile. Sikuita mara ya tatu. Niliingia ndani nikang'oa waya ukutani, na kioo kikawa cheusi. Kijana hakulia wala hakunijibu neno. Aliinuka, akatia udhu, akasimama safu ya nyuma yangu akaswali. Asubuhi yake nilimshauri shemeji yangu aifungie mashine ile kabatini, naye kwa heshima yangu akafanya hivyo.

Nilirudi Mombasa nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

MASIMULIZI YA MBWAA

Usiku ule ule, hata hivyo, lilitokea jambo ambalo sikulitia maanani mpaka baadaye. Jirani yao, mzee wa Kimeru, alikuja kuzungumza. Akamwona kijana amejiinamia pembeni, akauliza kisa, akaambiwa. Mzee hakunilaumu. Alianza kusimulia asili ya watu wake.

Masimulizi hayo ni mashuhuri katika Meru, na Jeffrey Fadiman, mtaalamu wa Kimarekani aliyekaa na wazee wa huko akayakusanya, ameyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1993. Wameru husema kwamba zamani walikaa mahali panapoitwa Mbwaa, kando ya maji, na wako wataalamu wanaopaelekeza hapo kwenye kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu. Wakatawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntuune, yaani Nguo Nyekundu. Watawala hao wakawatia utumwani, na kila mara wakawapa sharti lisilowezekana: mlitimize, au mwangamizwe.

Sharti moja lilikuwa kutoa tunda lililotumbukizwa katika shimo refu, bila ya kulichoma. Mtu mmoja mwenye busara, aliyeitwa Koomenjwe, akasema: jazeni shimo maji. Tunda likaelea mpaka juu. Sharti jingine, leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Koomenjwe akasema: ikateni ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, maana hiyo ina manyoya huku na huku. Mara nyingine wakatakiwa walete mbwa mwenye pembe. Wakatafuta pembe za mnyama mdogo, wakazigandisha kwenye kichwa cha mbwa. Wasimuliaji hutofautiana katika idadi na mpango wa masharti hayo, lakini la mwisho wengi hulitaja: mkuki unaofika mbinguni. Hapo Koomenjwe akajua kwamba sharti hili halina jibu. Akaomba muda kana kwamba mkuki unafuliwa, na usiku watu wakaondoka. Walipofika kwenye maji, fimbo ikapiga, maji yakapasuka, wakavuka. Nyinyi wasomaji wangu mtakumbuka habari za Nabii Musa, na mimi pia nilizikumbuka.

Mzee alipomaliza akanitazama akacheka. "Bwana wa pwani," akasema, "wapo wanaosema kwamba wale Nguo Ntuune walikuwa wazee wenu." Sote tukacheka. Kisha akaongeza, safari hii bila ya kucheka: "Kila sharti lina dawa yake. Lakini ukimwekea mtu mkuki wa mbinguni, dawa yake ni kuondoka."

Aliondoka kweli. Kijana yule alipomaliza shule nilikwisha kumwandalia nafasi Mombasa, akae kwangu, ajifunze kazi dukani kwangu, maana mimi sikujaaliwa mtoto wa kiume. Akatuma salamu za adabu kwamba amepata kazi ya kutengeneza redio na simu Embu, na kwamba anashukuru. Ikapita miaka. Kwenye harusi na maziko tukionana, alinipa mkono, akanipa shikamoo, akapita.

KATIKA DUKA LA EMBU

Mwaka 2019 nilialikwa Embu kwenye akika ya mwanawe wa kwanza. Baada ya wageni kutawanyika, akanichukua kunionyesha duka lake la ufundi karibu na soko. Na juu ya rafu, imefutwa vumbi, ndiyo ile mashine. Akaniambia, "Kaa, mjomba." Nikakaa. Akanitia ala mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikatazama kitu nilichokihukumu miaka kumi na mitano nyuma.

Mchezo wenyewe kwa Wajapani huitwa Rockman, na Wamarekani waliubandika jina la Mega Man. Ulitolewa na kampuni ya Capcom mwezi wa Desemba mwaka 1987, ukiongozwa na Akira Kitamura. Hadithi yake ni hii. Mwanachuoni mmoja, Daktari Light, alitengeneza maroboti sita ya kuwafanyia watu kazi. Cut Man alikuwa mkata miti. Guts Man mfanyakazi wa ujenzi. Ice Man alikuwa wa kuchungua nchi za barafu, Bomb Man wa kulipua miamba ili ardhi isafishwe, Fire Man wa kuchoma taka, na Elec Man wa mitambo ya umeme. Mwenzake mwenye husuda, Daktari Wily, akawageuza wote sita kuwa waharibifu. Rock alikuwa mtumishi wa nyumbani tu, naye akajitolea kugeuzwa mpiganaji ili awazuie ndugu zake. Angalia basi, msomaji: mabosi hawa hawakuzaliwa waovu. Walikuwa mafundi walioharibiwa na aliyewashika.

Kila mmoja yuko mwisho wa njia yake, na mchezaji huchagua aanze na yupi. Mimi nikaanza na Fire Man kwa kuwa jina lake lilinipendeza. Nikafa. Nikarudi, nikafa. Nilikuwa nikibonyeza kila kitufe kwa ghadhabu. Mpwa wangu akasema neno ambalo sikulisahau: "Mjomba, usipige. Tazama kwanza."

Kisha akanieleza. Kila bosi ana uhai wa vipande 28, na kila bosi ana mwendo wake asiouacha. Guts Man huruka, na anapotua ardhi hutikisika. Ukiwa umesimama chini utashikwa miguu usiweze kwenda, kwa hiyo nawe ruka pale pale anapotua. Ice Man huachia vipande vitatu vya barafu kimoja baada ya kimoja anapopanda hewani, na vitatu tena anaposhuka. Anayekimbia ovyo hupigwa, anayehesabu hupita katikati. Elec Man ndiye wa kuogopwa, maana radi yake moja hukuondolea zaidi ya thuluthi ya uhai. Cut Man hurusha makasi yaliyo kichwani mwake, na makasi hayo hurudi, basi usidhani umeokoka kwa kuwa yamekupita.

Lakini siri kubwa iko katika mpango. Ukimshinda bosi, unapata silaha yake, na silaha ya kila mmoja ni dawa ya mwingine. Wajapani wenyewe wana mchezo wa mkono wa jiwe, makasi na karatasi, ambao hakuna kilicho bora kuliko vyote, kila kimoja kinamshinda mmoja na kushindwa na mwingine. Ndivyo ilivyo humu. Anza na Cut Man, kwa kuwa huyo risasi za kawaida humrudisha nyuma na kumvuruga. Chukua makasi yake umwendee Elec Man, atalala kwa mapigo machache. Chukua radi ya Elec Man umpige Ice Man. Barafu ya Ice Man humzima Fire Man, moto wa Fire Man humwangamiza Bomb Man, na bomu la Bomb Man ndilo la Guts Man. Na ukitaka kufunga mduara, nguvu za Guts Man za kunyanyua mawe ndizo zinazommaliza Cut Man: chumbani mwake yamo mawe mawili makubwa, na yote mawili yakimpata, amekwisha.

Nikakumbuka bao. Mchezaji hodari wa bao hatazami kete alizo nazo mkononi tu. Wakati wa kunamua amekwisha kujua mtaji utakuwaje, na anajua kwamba kete anayoipoteza huku ndiyo inayomfungulia kule. Kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita fundi, tunamwamkia kwa jina njiani. Mtoto akifanya hesabu hiyo hiyo mbele ya kioo tunamwita mpotevu.

KITUFE CHA KUSIMAMISHA

Mabosi sita wakishaanguka, inafunguka ngome ya Daktari Wily. Mlangoni mwake wa kwanza yuko mmoja wa manjano, mkubwa kama nyumba, Yellow Devil. Mwili wake hujivunja vipande ukaruka kutoka upande mmoja wa chumba hadi wa pili, na kinachodhurika ni jicho lake tu, ambalo hufumbua kwa muda mfupi. Nikamwuliza mpwa wangu huyu dawa yake nini. Akasema ni radi ya Elec Man. Halafu akatabasamu: "Na ipo hila, mjomba. Radi ikiwa imemgusa jichoni, ukibonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo, ukaachia, ukabonyeza tena, pigo hilo hilo moja humwumiza upya kila mara." Nikasema huo ni udanganyifu. Akanijibu, "Na pembe za mbwa, je?" Kumbe usiku ule wa mwaka 2004, aliyejiinamia pembeni alikuwa akisikiliza.

Kisha akanieleza jambo ambalo lilinifanya niweke ala chini. Mchezo huu wa kwanza hauna namna ya kuhifadhi ulipofikia. Ukizima, yote yamepotea, unaanza mwanzo. Na siku ile nilipong'oa waya, alikuwa mbele ya Yellow Devil. Likizo nzima alikuwa akimtafuta, umeme ukikatika anaanza tena, na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona. "Si kwamba nilikuwa nakataa kuswali," akasema. "Kitufe cha kusimamisha kipo. Nilikuwa nangoja nitue chini tu, nisimamishe, nije. Lakini mjomba hukuuliza."

Sikuwa na la kusema. Magharibi ina wakati wake, na mimi nilikuwa na haki ya kumwita. Hilo nalishika mpaka leo, na yeye pia hakulipinga. Lakini haki ya kumwita ni moja, na kung'oa waya ni jingine. Dawa ilikuwapo, tena nyepesi, iko kidoleni mwake. Mimi nilileta nyundo kwa kufuli iliyokuwa na ufunguo.

Akanimalizia kwa mzaha ambao ulikuwa mchungu kuliko lawama. Akasema kwamba yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kuujua mwendo wangu kama wanavyoujua wa Guts Man. Mjomba hukohoa mlangoni mara tatu. Halafu huvua viatu. Halafu huuliza, "Umeswali?" Halafu, "Na masomo?" Kati ya kikohozi cha kwanza na viatu, wao walikuwa wamekwisha kuzima televisheni na kila mmoja ameshika juzuu. Yaani kwa miaka yote hiyo nilidhani nalea, kumbe nilikuwa bosi wa mwisho wa njia, ninayepigwa kwa hila ile ile kila likizo.

Ndani ya ngome ile yuko adui mwingine, na huyu ndiye aliyenikalia moyoni. Unaingia chumbani, unamkuta Rockman mwenzako, sura moja nawe. Silaha utakayoishika, naye ataishika hiyo hiyo. Ukija na kali, atakuja na kali. Sisi tuliosomeshwa tangu chuoni kwamba vita vikubwa ni vya mtu na nafsi yake, hatuhitaji kufasiriwa hapo.

KAMARI NI KAMARI

Sasa nirudi kwa mzee wetu wa barazani, maana ana hoja na si haki kuipuuza. Katika miaka ya 2010 masoko mengi ya Kenya, ya bara na ya pwani, yaliingiliwa na mashine za kutia sarafu, na watoto wakawa wanatupa humo nauli na pesa za chakula, mpaka serikali ikafanya misako, ikazikamata na kuziteketeza. Siku hizi kamari imo ndani ya simu. Hiyo ni maisiri, iliyokatazwa waziwazi katika Sura ya Al-Maida, na wala haina hila ya kuishinda, kwa sababu imeundwa ili mchezaji ashindwe. Mtoto anayeikalia hajifunzi mwendo wa mtu, maana haina mwendo. Anajifunza kutamani tu. Huo ndio mkuki wa mbinguni, na dawa yake ni ile ya Koomenjwe: kuondoka.

Lakini tukizitosa zote baharini pamoja, ile ya sarafu na ile ya Rockman, tutakuwa tumewafundisha watoto kwamba sisi wazee hatujui kupambanua. Na mtoto akishajua kwamba mzee wake hapambanui, hata pale mzee anaposema kweli hasikilizwi.

Mimi nadhani mzazi ana mambo matatu ya kufanya kabla ya kugusa waya. Kwanza akae autazame mchezo, aulize unaendaje, nani bosi, dawa yake nini. Nusu saa yatosha. Pili ajue kama mchezo unahifadhika ama hauhifadhiki, na kama hauhifadhiki, basi uchezwe baada ya Isha siku ambayo kesho yake hakuna shule, mtoto asiwekwe baina ya swala na jasho lake. Tatu, makubaliano ya wakati yafanywe kabla ya mashine kuwashwa. Mtoto aliyekubali sharti mwenyewe huona aibu kulivunja. Aliyeletewa sharti juu ya kichwa chake hutafuta namna ya kuponyoka.

Hayo ndiyo niliyopaswa kumjibu mzee wetu siku ile, nikayameza. Inshallah nitamjibu. Mpwa wangu alinifungia mashine ile katika gazeti nikarudi nayo Mombasa, na sasa iko sebuleni kwangu. Kila likizo huja na mwanawe, na huwa anafikia kwangu. Cut Man nimemshinda, na wale watano waliobaki nimewashinda kwa mpango ule ule. Yellow Devil bado. Nikimfikia mara nyingi huwa Magharibi imekaribia, na alhamdulillahi, siku hizi ninajua kitufe kiko wapi.